Kuondoa utambulisho kwenye taarifa binafsi: ufuate kipimo cha Marekani, cha Ulaya au cha kwetu?

Swali hili huja kwa sura ile ile karibu kila mara. Mtu ana jedwali la Excel lenye taarifa za wagonjwa, wakopaji au wanafunzi. Amefuta safu ya majina, amefuta namba za simu, na sasa anataka kulituma kwa mshirika, kulichapisha, au kulitumia kufundishia mfumo wa akili mnemba. Anauliza: "Hapa bado nina taarifa binafsi, au nimeshatoka kwenye sheria?"

Inategemea unaulizwa na sheria ipi, na tofauti si ndogo. Jedwali lile lile linaweza kuhesabika kuwa safi Boston, likahesabika kuwa taarifa binafsi Brussels, na likaibua maswali mazito Dodoma au Nairobi. Wengi wetu huku tunafanya kazi na wafadhili wa Marekani, mifumo iliyotengenezwa Ulaya na watu walioko Kigoma au Kisumu, kwa hiyo vipimo vyote vitatu vinakutana kwenye kompyuta moja. Msimamo wangu nauweka mapema: orodha ya Marekani ya vitu vya kufuta ni fagio zuri la kuanzia, ila jibu la kama umemaliza kazi litafute kwenye swali la Ulaya, la kama mtu bado anaweza kupatikana, ambalo ndilo sheria zetu zimelifuata kwa sehemu kubwa.

Mstari mmoja wa kufanyia kazi

Tuchukue jedwali la kubuni la kliniki. Safu zake ni jina, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa cha Tanzania), simu, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, kata, kazi, tarehe ya kuhudhuria na ugonjwa. Mstari mmoja unasema hivi: mwanamke, kazaliwa 1961, anaishi kata moja ya kisiwani Mafia, mwalimu mkuu mstaafu, kahudhuria Machi, kisukari. Jina, NIDA na simu vimeshafutwa. Msomee mkazi yeyote wa kata ile kilichobaki uone kama hatakutajia jina kabla hujamaliza.

Kuhusu NIDA kuna jambo linalowapita wengi. Tarakimu nane za mwanzo za namba ile ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Yapo majedwali ambayo safu ya tarehe ya kuzaliwa imefutwa kwa uangalifu mkubwa na safu ya NIDA ikaachwa kwa hoja kwamba "hiyo ni namba tu". Wapo pia wanaokata tarakimu za mwisho na kubakisha za mwanzo, yaani wanabakisha zile zile zenye tarehe.

Marekani: orodha, au mtaalamu

Marekani haina sheria moja ya faragha kwa nchi nzima. Kwenye afya ipo sheria iitwayo HIPAA, ya mwaka 1996, ambayo kanuni yake ya faragha ilianza kuzibana hospitali na kampuni nyingi za bima Aprili 2003. Inakupa njia mbili za kusema kwamba utambulisho umeondolewa.

Ya kwanza ni orodha. Unafuta aina 18 za viashiria: majina, simu, faksi, barua pepe, namba ya hifadhi ya jamii, namba ya jalada, namba ya bima, akaunti, leseni, gari, vifaa, anwani za tovuti, anwani za IP, alama za mwili kama vidole na sauti, picha ya uso, eneo lolote dogo kuliko jimbo, tarehe zote zinazomhusu mtu isipokuwa mwaka, na mwisho kabisa namba, sifa au msimbo wowote mwingine wa kipekee. Umri unaozidi miaka 89 unatiwa kwenye fungu moja la "90 na zaidi". Msimbo wa posta unaweza kubaki na tarakimu tatu za mwanzo, mradi eneo lenye tarakimu hizo lina zaidi ya watu 20,000. Pungufu ya hapo unaandika 000. Ukishafanya hivyo, na kama huna habari ya hakika kwamba kilichobaki kinaweza kumfichua mtu, sheria inakuona umemaliza.

Uzuri wa njia hii haufichiki. Karani anaweza kuifuata, mkaguzi anaweza kuikagua, na fundi wa programu anaweza kuiandikia msimbo ukafanya kazi usiku kucha bila kumuuliza mtu. Hakuna sheria nyingine katika ulinganisho huu inayokupa uhakika wa namna hiyo.

Shida ni kwamba orodha ilitungwa kwa ramani na maisha ya Marekani. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na kata zetu zinakaribia 4,000. Ukigawanya, kata ya wastani ina watu kama 15,000, chini ya kile kiwango cha 20,000. Ukiufuata mfano huo kikamilifu, safu ya kata inaondoka yote na utafiti wako wa malaria unabaki bila ramani. Usipoufuata, huwezi tena kusema umetumia orodha. Umri wa miaka 89 nao ni mstari wa nchi yenye wazee wengi. Katika kijiji chenye mzee mmoja wa miaka 84, mstari huo haumlindi. Halafu kazi, dini, kabila na lugha havimo kwenye orodha kwa majina yao. Kata na mwezi wa kuhudhuria vikishafutwa, mwalimu mkuu wetu wa Mafia anapita salama kwenye viashiria 17, akabaki mikononi mwa kile cha 18 na kile kifungu cha "habari ya hakika". Idara ya afya ya Marekani yenyewe iliona tatizo hilo: mwongozo wake wa 2012 unatoa mfano wa jalada ambalo kazi ya mgonjwa imeandikwa kuwa ni rais wa zamani wa chuo kikuu cha jimbo, na unasema mwenye taarifa hawezi kujifanya hajui.

Orodha yenyewe ina kisa nyuma yake. Miaka ya 1990 tume ya bima ya watumishi wa umma wa Massachusetts iliwapa watafiti taarifa za matibabu zisizo na majina, zikiwa na tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta. Latanya Sweeney, wakati huo mwanafunzi wa MIT, alinunua daftari la wapiga kura wa Cambridge kwa dola 20 na kuoanisha majedwali mawili. Akampata gavana William Weld: wapiga kura sita walizaliwa siku moja naye, watatu kati yao wanaume, na mmoja tu kwenye msimbo wake wa posta. Baadaye Sweeney alikadiria kwamba asilimia 87 ya Wamarekani wanaweza kutofautishwa kwa vitu hivyo vitatu peke yake. Hesabu ya mtafiti mwingine ya mwaka 2006 iliishusha hadi kama 63, lakini hata hiyo ni zaidi ya nusu ya nchi. Ndiyo maana HIPAA inabana tarehe na misimbo ya posta kwa ukali kuliko vitu vingine.

Njia ya pili ya HIPAA ni ya mtaalamu. Mtu mwenye ujuzi wa takwimu anapima data yako, anaamua kwamba hatari ya mtu kutambulika ni "ndogo sana", na anaandika alivyofikia hapo. Sheria haikutaja asilimia. Ni ghali, ni polepole, na kwa maoni yangu ndiyo njia pekee ya HIPAA inayostahili kuigwa nje ya Marekani, kwa sababu mtaalamu analazimika kuuliza nani atapokea data na ana vitu gani vingine mkononi.

Katikati kuna kitu cha tatu ambacho watafiti wa huku hukutana nacho bila kukijua: seti yenye mipaka. Unaruhusiwa kubakisha tarehe, mji na msimbo wa posta, kwa utafiti au afya ya jamii, mradi mpokeaji asaini makubaliano ya matumizi. Ila hiyo bado ni taarifa ya afya inayolindwa. Mtu akikwambia data ya HIPAA haina utambulisho, muulize ni seti ipi kati ya hizi.

Jambo jingine la kuangalia upande wa Marekani ni nani anabanwa. HIPAA inawashika watoa huduma za afya, bima, wachakataji wa madai na wanaowafanyia kazi. Programu ya simu ya kuhesabu hatua au siku za hedhi mara nyingi haimo. Na data ikishaondolewa utambulisho na kufika kwa mtu asiyebanwa na HIPAA, sheria hiyo haimzuii kujaribu kumtafuta mwenyewe. California imeziba sehemu ya pengo hilo. Kwa mujibu wa CCPA, sheria ya faragha ya jimbo hilo, data haihesabiki kuwa imeondolewa utambulisho mpaka kampuni ichukue hatua za maana za kiufundi, itangaze hadharani kwamba haitajaribu kuwatambua watu tena, na iwafunge wapokeaji kwa mkataba. Nyongeza iliyopitishwa 2020 ikapiga marufuku kuwatambua upya wagonjwa kutoka kwenye data iliyoondolewa utambulisho. California inataka ahadi pamoja na usafi, na ahadi hiyo inaweza kushitakiwa.

Ulaya: nani anaweza kumpata, na kwa njia gani

GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, haina orodha. Inagawa mambo mawili ambayo Wamarekani hupenda kuyaweka kapu moja.

La kwanza ni kuficha kwa msimbo: umeondoa jina ukaweka namba, na mahali fulani kuna ufunguo unaounganisha namba na jina. Kwa mwenye ufunguo hiyo ni taarifa binafsi kabisa. Sheria inausifu ufichaji huu kama kinga, inakupunguzia makali hapa na pale, lakini haikutoi ndani ya uzio. La pili ni kufuta utambulisho kabisa. Hapo GDPR inaachia, kwa sharti kwamba mtu asiweze kutambulika kwa njia yoyote inayoweza kutarajiwa kutumika, iwe na wewe au na mtu mwingine, ukizingatia gharama, muda na teknolojia iliyopo.

Mwaka 2014 jopo la wasimamizi wa faragha wa Ulaya, chini ya sheria iliyotangulia GDPR, lilitoa maswali matatu ambayo hadi leo ndiyo kipimo chepesi kushika. Je, unaweza kumchomoa mtu mmoja kutoka kwenye kundi? Je, unaweza kuunganisha mistari miwili ya mtu mmoja? Je, unaweza kubahatisha jambo lake kwa uhakika wa kutosha? Mwalimu mkuu wa Mafia anaanguka kwenye swali la kwanza, na ukilifahamu hilo hata mahakama huihitaji.

Ubishi mkubwa wa Ulaya ulikuwa juu ya mpokeaji. Kama mimi nina ufunguo na wewe huna, je, data niliyokutumia ni taarifa binafsi mikononi mwako? Mwaka 2016, katika kesi ya Breyer, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema anwani ya IP inayobadilika ni taarifa binafsi kwa mwenye tovuti ikiwa anazo njia za kisheria za kumfikia anayejua mwenye anwani. Tarehe 4 Septemba 2025 mahakama hiyo hiyo ikaamua kesi iliyotokana na kuvunjwa kwa Banco Popular ya Hispania. Bodi ya Ulaya inayoshughulikia benki zinazoanguka ilikusanya maoni ya wanahisa na wadai, ikaweka misimbo badala ya majina, ikayapeleka kwa kampuni ya ukaguzi ya Deloitte yafanyiwe tathmini. Mahakama ilisema mambo mawili yanayopaswa kusomwa pamoja. Data iliyofichwa kwa msimbo si lazima iwe taarifa binafsi kwa kila mtu. Inategemea kama mpokeaji ana njia ya maana ya kufika kwa mwenyewe. Lakini wajibu wa kuwaeleza watu kwamba taarifa zao zitapelekwa kwa fulani unapimwa upande wa aliyezikusanya, wakati anazikusanya, na kwake yeye bado ni taarifa binafsi.

Wauzaji wa data walishangilia nusu ya kwanza ya hukumu hiyo. Nusu ya pili ndiyo inayokuhusu wewe unayekusanya. Huwezi kujificha nyuma ya mpokeaji asiye na ufunguo.

Hata hivyo kipimo cha Ulaya kina gharama yake. Hakikupi tarehe ya kumaliza. Data uliyoihesabu kuwa salama 2019 inaweza kuacha kuwa salama jedwali jingine likichapishwa, na hakuna fomu ya kujaza utakayomwonyesha mkaguzi ukalala usingizi. Timu ndogo zisizo na mwanasheria huishia kuogopa kutoa chochote, na hiyo nayo ni hasara, hasa kwenye afya ya jamii.

Kwa ufupi, vikiwekwa ubavuni:

| | HIPAA, orodha | HIPAA, mtaalamu | GDPR | Kenya na Tanzania |
|---|---|---|---|---|
| Swali kuu | Umefuta vitu 18? | Hatari ni ndogo sana? | Kuna njia ya maana ya kumpata mtu? | Mtu bado anatambulika? |
| Data yenye msimbo na ufunguo | Inaruhusiwa, kama msimbo haukutokana na taarifa za mtu na ufunguo hautoki | Inaruhusiwa, mtaalamu akiamua hatari ni ndogo sana | Taarifa binafsi kwa mwenye ufunguo | Ihesabu kuwa taarifa binafsi |
| Urahisi wa kukagua | Mkubwa | Wa kati | Mdogo | Mdogo |
| Inafaa kijiji kidogo? | Hapana | Ndiyo, mtaalamu akikijua | Ndiyo | Ndiyo |

Kwetu: Kenya, Tanzania na majirani

Kenya ndiyo iliyoandika kwa uwazi zaidi kati ya sisi. Sheria yake ya kulinda data, Na. 24 ya 2019, ilianza kutumika tarehe 25 Novemba mwaka huo, na inafafanua yote mawili, kufuta utambulisho na kuficha kwa msimbo. Ufafanuzi wa kufuta una nusu mbili. Nusu ya kwanza inazungumzia kuondoa viashiria, ukadhani ni HIPAA. Nusu ya pili inasema kiasi kwamba mhusika hatambuliki tena, na hapo ukajikuta Ulaya. Mtu aliyesoma nusu ya kwanza peke yake atafuta safu mbili na kwenda nyumbani.

Vifungu vitatu vya Kenya vinastahili kusomwa na mwenye biashara. Cha 37 kinamtaka anayetumia data kibiashara afute utambulisho pale inapowezekana. Cha 39 kinasema muda wa kutunza ukiisha, data ifutwe, iondolewe utambulisho au ifichwe kwa msimbo. Hapo Kenya imelegea kuliko Ulaya, maana data yenye ufunguo pembeni bado inaweza kumrudia mwenyewe, na mimi singemshauri mtu aegemee ulegevu huo. Cha 53 kinafungulia mlango utafiti na takwimu, mradi matokeo yasichapishwe kwa sura inayomtambulisha mtu.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Mlango wake nao uko kwenye kutambulika: taarifa binafsi ni zile zinazohusu mtu anayeweza kutambulika. Usitafute humo orodha ya kufuta kama ya HIPAA. Kwa hiyo usimwambie Ofisa wa Tume "tumeondoa vile 18" ukatarajia aitikie kwa kichwa. Swali atakalokuwa nalo ni kama mtu bado anaonekana.

Uganda, katika sheria yake ya 2019, inataja kuondoa utambulisho kama njia mojawapo ya kumaliza data ambayo muda wake umeisha, pembeni ya kuifuta. Rwanda imeenda mbali zaidi upande wa adhabu: sheria yake ya Oktoba 2021 inamfanya anayerudisha utambulisho uliokwisha kuondolewa, bila idhini, kuwa mhalifu anayeweza kwenda jela. Uingereza ina kosa linalofanana na hilo katika sheria yake ya 2018. Afrika Kusini inaeleza kwamba kuondoa utambulisho ni pamoja na kuondoa chochote kinachoweza kuunganishwa na taarifa nyingine kwa njia inayotabirika, na data ya namna hiyo iko nje ya sheria pale tu ambapo haiwezi kurudishwa. Ukitaka sentensi ya kunakili kwenye sera ya ofisi yako, hiyo ya Afrika Kusini naiona bora kuliko zote nilizozitaja hapa.

Namba ya simu iliyopitishwa kwenye heshi

Hapa ndipo timu nyingi za teknolojia huteleza, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mkopeshaji wa mtandaoni anataka kulinganisha wateja wake na wa kampuni ya matangazo. Badala ya kupeleka namba za simu, kila upande unaipitisha namba kwenye heshi, yaani hesabu ya kompyuta inayotoa jibu lile lile kila ikipewa namba ile ile, tuseme MD5 au SHA-256, inatoka mistari mirefu ya herufi na tarakimu isiyosomeka. Kwenye mkataba inaandikwa: "data haina utambulisho".

Tuhesabu. Namba ya mkononi ya Tanzania, baada ya 255, ina tarakimu tisa na inaanza na 6 au 7. Hiyo ni namba milioni 200 zinazowezekana, basi. Kenya nayo, kwa 7 na 1, ni hiyo hiyo. Kompyuta ya kawaida inapitisha mamilioni ya namba kwenye heshi kwa sekunde moja, kwa hiyo kuandaa jedwali la namba zote za nchi pamoja na heshi zake ni kazi ya dakika chache. Baada ya hapo unatafuta tu. Kubadili kutoka MD5 kwenda SHA-256 hakusaidii, kwa sababu udhaifu uko kwenye uchache wa namba.

New York iliyaona haya mwaka 2014, jiji lilipotoa kumbukumbu za safari za teksi zaidi ya milioni 170 huku namba za magari na leseni za madereva zikiwa zimepitishwa kwenye MD5. Mhandisi mmoja alizirudisha zote kwa muda mfupi, na kuanzia hapo safari za kila dereva zikawa wazi.

Sheria zinasemaje? HIPAA iko wazi kwa namna inayoshangaza: msimbo wa kumrudia mgonjwa hauruhusiwi kutokana na taarifa za mgonjwa mwenyewe, kwa hiyo heshi ya namba ya simu haipiti kwa njia ya orodha. Ulaya inaiita data iliyofichwa kwa msimbo, kwa hiyo bado binafsi kwa anayeweza kuirudisha. Tume ya biashara ya Marekani ilirudia Julai 2024 kwamba heshi haiifanyi data kuwa isiyo na mwenyewe. Kwa Kenya na Tanzania sioni namna ya kutetea jibu tofauti, maana mtu anatambulika na mwenye laptopu yoyote. Ukiongeza ufunguo wa siri ndani ya heshi hali inakuwa nzuri zaidi, lakini umeshapata ufunguo wa kutunza, na umerudi kwenye data yenye msimbo.

Basi uchague kipi

Ukiwa unachapisha kwa umma, tumia swali la Ulaya hata kama hakuna Mzungu hata mmoja kwenye jedwali lako. Kitu kikishawekwa mtandaoni mpokeaji ni dunia nzima, na mkataba hauna wa kusaini. Safisha kwanza kwa orodha ya 18, kisha panda ngazi: kata iwe wilaya au mkoa, tarehe iwe robo ya mwaka, umri uwe mafungu, kazi iwe sekta. Baada ya hapo angalia makundi madogo. Mfumo wa Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani, hauchapishi idadi iliyo kati ya 1 na 10, na hicho ni kiwango cha kuanzia kinachofaa huku pia. Fungu lenye watu watatu lifiche au liunganishe na jirani yake.

Ukiwa unampa mshirika mmoja anayejulikana, usihangaike kufuta mpaka data iwe haina kazi. Ficha kwa msimbo wa kubahatisha, bakiza ufunguo kwako, mfunge mshirika kwa masharti ya mtindo wa California, na ihesabu kuwa taarifa binafsi kwenye vitabu vyako. Waeleze watu tangu mwanzo kwamba taarifa zao zitakwenda huko. Wakenya wanaoendesha huduma za kuwawezesha ndugu walioko Ujerumani au Uholanzi kutuma pesa nyumbani wakumbuke kwamba GDPR inaweza kuwafuata hadi Nairobi, kwa kuwa wanawauzia huduma watu walioko Ulaya.

Ukiwa na startapu changa isiyo na mwanasheria, unachohitaji zaidi ni orodha ya kufuata kila wiki. Chukua ile ya HIPAA, ongeza kazi, kabila, dini, lugha, namba ya NIDA au ya kitambulisho cha taifa, namba ya wakala wa pesa, na jina la shule. Ongeza pia safu ya "maelezo", ile ambayo muuguzi au afisa mikopo huandika chochote. Ukiifungua utakuta "mama wa mapacha, mume yuko Muscat, duka mkabala na msikiti". Kama huna mtu wa kuisoma mstari kwa mstari, ifute yote.

Kwa mtafiti mwenye mfadhili wa Marekani, hapa ndipo mgongano unapouma. Chuo cha kule kitaandika kwenye fomu kwamba data haina utambulisho kwa kuwa wao hawana ufunguo na vile 18 vimefutwa. Kwa sheria yao hiyo inatosha, na bodi yao ya maadili inaweza hata kusema huo si utafiti unaohusu binadamu. Wewe uliyebaki Ifakara au Siaya na ufunguo kwenye kabati bado unashika taarifa binafsi, na kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti yake kwa sheria ya Kenya na ya Tanzania, mbali na makubaliano ya kuhamisha data ambayo NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba ya Tanzania, huyataka. Usikubali sentensi ya fomu yao iwe ndiyo hali yako ya kisheria. Kwenye makubaliano andikeni waziwazi kwamba data ina msimbo, ufunguo unabaki kwa nani na kwenye mashine ipi, mpokeaji haruhusiwi kuoanisha na data nyingine wala kuipitisha mbele, na ufunguo utaharibiwa tarehe gani, mbele ya nani.